Mzigo Hautuliwi Njiani

Jina la kisiwa sitaliandika. Mtu mmoja wa huko aliniomba hivyo siku tulipoagana, na mimi, ambaye sina desturi ya kutoa kitu bila kupewa kitu, nilimkubalia bure. Niseme tu kwamba kiko kusini mwa Mombasa, na boti ya injini inakufikisha kutoka bara kwa dakika kumi na mbili. Mwenye boti alisema tano. Nilipima kwenda na kurudi.

Sisi watu wa Butembo, Kongo, tunaijua pwani kwa upande mmoja tu, ule wa bandari. Mimi nina magazini ya vikwembe, vitenge vya wanawake kujifunga, Butembo na depo ndogo Beni, komini ya Bungulu, na kila mara kontena yangu inapongoja karatasi, mimi pia nangoja, nimekaa kitandani katika nyumba ya wageni, nikihesabu kwa kichwa robota ambazo bado sijaziona. Safari hiyo waliniambia siku tano. Mais, ndiyo lakini yetu ya Kifaransa, safari hiyo sikuwa peke yangu. Nilikuja na mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu na ndiye aliyenilea. Umri wake haujulikani sawasawa: kadi ya uchaguzi inasema sitini na tatu, kitabu cha ubatizo kinasema hamsini na tisa. Mimi natumia cha parokia, kwa sababu padri hana faida yoyote ya kuongeza. Ujana wake aliumaliza akibeba viazi vya watu kutoka vilima vya Kirumba hadi barabarani ambako malori yanapakia. Baadaye akauza makayabu sokoni, yale mapande ya samaki wakavu wa chumvi, yanayonuka mpaka mteja anayaona kabla hajafika. Alitaka kuona maji yanayotoa makayabu. Nilimweleza kwamba makayabu yanatoka bahari nyingine kabisa, ya upande wa pili, ya baridi. Akasema bahari ni bahari, donc, basi, twende.

Mwongozaji tulimkuta gatini. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, maneno yake mengi kuliko nyama yake. Alitaja bei ya kututembeza magofuni na kwenye mawe ya baharini. Nikataja nusu. Akacheka. Nikaanza hatua zangu sita. Siku zote ni sita. Ukifika saba umeondoka kweli. Kwenye ya tano akaniita.

Kiswahili chetu kilimfurahisha. Alituuliza sisi ni Waswahili wa wapi. "Wa juu," mama mkubwa akamjibu, akaanza kutembea kabla yake.

Sasa, magofu. Nilikuwa nimejiandaa kuona mawe yaliyoanguka, na mawe yaliyoanguka hata kwetu yapo. Sikujiandaa kuona ukuta uliokaa mamia ya miaka karibu na chumvi na bado uko wima, umeng'aa kwa chokaa kama jino. Ulikuwa umejengwa kwa mawe ya matumbawe, mepesi, yenye matundu kama mkate. Msikiti wa zamani haukuwa na paa. Mama mkubwa akauliza tole, yaani mabati, zilienda wapi, kama ziliibwa. Mwongozaji akasema hapakuwa na tole enzi zile, lilikuwa paa la boriti na mawe. Akatwambia msikiti una nguzo kumi na sita. Nikahesabu kumi na nne. Nikazunguka, nikahesabu kutoka upande mwingine: kumi na nne. Akasema mbili ziko chini ya ardhi. Nikamwambia kwetu Kongo vitu vya chini ya ardhi vina wenyewe, havihesabiwi kwenye bei ya mteja.

Alicheka sana. Alikuwa mtu mzuri, niseme hilo mapema.

Kilichoninyamazisha kilikuwa kaburi moja lenye mnara mrefu kuliko mlango. Kwenye mnara kulikuwa na matundu ya mviringo, manane, na ndani ya tundu moja kulikuwa kumebaki nusu ya bakuli, jeupe lenye maua ya buluu. Mwongozaji akaeleza kwamba bakuli hizo zilitoka China, zilikuja na biashara, wakazijenga ukutani kumheshimu marehemu. Mimi Butembo ninajulikana kama mmoja wa wanawake wa kwanza wa mtaa wetu kwenda Guangzhou, na sijawahi kuruhusu mtu asahau. Nilisimama pale mbele ya nusu bakuli nikajiona mteja aliyefika sokoni saa kumi jioni. Watu hawa walishanunua, wakauza, wakafa, wakazikwa na sahani zao. Mama mkubwa yeye aliona jambo jingine. Alisema walikuwa matajiri kweli, maana kwetu sahani nzuri inakaa ndani ya armoire, kabati la vyombo, mpaka askofu apite, na hawa walikuwa wanaiacha nje ipigwe na mvua.

Tukaonyeshwa kisima ambacho maji yake ni matamu ingawa bahari iko hatua thelathini. Tukaonyeshwa samaki wadogo wanaotembea kwenye matope kwa mapezi yao, wanapanda mizizi ya mikoko na kukaa huko kama wamekodi. Mama mkubwa aliwatazama muda mrefu, yeye mfanyabiashara wa samaki. Akasema hajawahi kuona samaki anayekuja kujiuza mwenyewe.

Ili kufika kwenye mawe ya baharini ilibidi tuvuke mkondo. Maji yalikuwa yametoka, yakabaki ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na ng'ambo yake kulikuwa na uwanja mpana wa matumbawe uliokauka. Mwongozaji alitwambia tuna muda wa kutosha, mais bahari ikianza kurudi inaanzia hapa mkondoni, haianzii kule inakoonekana. Sisi wa milimani tunajua maji yanayokwenda. Mto wetu haujawahi kubadilisha mawazo. Nilimwuliza mara mbili atajuaje muda umefika, na mara mbili akanionyesha saa yake.

Mawe yale siwezi kuyaeleza vizuri. Yalisimama mamia, kila moja limeliwa chini na maji mpaka linakaa juu ya mguu mmoja mwembamba, kama uyoga, kama kundi la wanawake wenye vikapu wanaongoja kuingia kanisani siku ya mavuno. Unapita katikati yao, kuna ubaridi, kuna harufu ya chumvi na ya kitu cha zamani. Nilianza kuyahesabu, nikaacha, na mimi siachi. Mwongozaji akataka tupige picha. Akapanda juu ya jiwe ili atupate sote wawili na bahari nyuma yetu.

Jiwe lilivunjika. Halikuvunjika lote, ni ukingo tu. Akateleza, mguu wake wa kulia ukaingia kwenye tundu, mwili ukaenda upande mwingine. Simu ikaanguka kwenye dimbwi. Yeye hakupiga kelele. Alisema tu "ah," kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Tulipoutoa mguu, kifundo kilikuwa kimeshaanza kujaa, na chini yake palichanika, panatoa damu ya kutosha. Mama mkubwa akaufunga kwa kitambaa chake cha jasho, akaubana. Mwongozaji akajaribu kusimama, akakaa. Akajaribu tena kwa kuegemea bega langu, tukatembea hatua nne juu ya yale mawe makali, akawa mweupe kama chokaa ya msikiti. Simu yangu haikuwa na mtandao. Yake ilikuwa inatoa mapovu.

Nikamwuliza muda. Akatazama saa. Akasema tumebakiza kama saa moja kabla mkondo haujapita kifua.

Hapo ndipo hesabu ilinisaidia kujua tuko wapi. Kutoka kijijini mpaka pale tulikuwa tumetumia dakika arobaini. Mimi nikienda kuita wanaume ni arobaini, wakija nami ni arobaini. Themanini. Nikahesabu tena, kama vile saa ina dakika zaidi kwa anayehesabu polepole. Kwa boti hakuna njia, mawe yangeipasua kabla haijatufikia. Sisi wawili hatukujua kuogelea, na yeye mwenye mguu mmoja asingeweza kushindana na mkondo ule. Akatwambia twende, tumwache, atapanda jiwe refu kuliko yote angoje maji yashuke. Nikalitazama jiwe refu kuliko yote. Maganda ya chaza yalikuwa yameshika ubavu wake mpaka juu ya kichwa changu, na mahali chaza anapoishi maji hufika kila siku. Yeye mzaliwa wa pale alilijua hilo kuliko mimi. Alisema vile ili tuondoke.

Mama mkubwa hakuwa kwenye mazungumzo hayo. Alikuwa ameshavua kikwembe chake cha juu, akakisokota kama kamba, akaninyooshea mkono nitoe changu. Nikamwelewa, nikavua.

Kwetu mwanamke habebi mzigo kichwani. Anaubeba mgongoni, na mkanda unapita chini ya mzigo kisha unakuja kushika paji la uso. Shingo ndiyo inayobeba, mgongo unafuata. Hivyo ndivyo viazi vya Kirumba vilishuka vilima, na mihogo, na kuni, na matofali ya shule niliyosoma. Mwaka tulipokimbia mashamba upande wa Kamango, mama mkubwa alimbeba mama yake mzazi hivyo hivyo, siku mbili, kwa kikwembe. Donc kumbeba mtu halikuwa jambo la kujifunza siku ile. Kilichokuwa kigeni ni bahari tu.

Mwongozaji alipoona anageuziwa mgongo alielewa naye. "Mama, mimi mwanaume," akasema.

"Minaona," mama mkubwa akajibu. "Mais hiyo hapana punguza kilo."

Nilimpima kwa macho kama ninavyopima robota: hamsini na tano, labda hamsini na saba pamoja na aibu. Tulimkalisha juu ya jiwe fupi, kikwembe changu kikapita chini ya mapaja, tukakifunga, kile alichosokota kikawa mkanda, kikapanda mpaka kwenye paji la mama mkubwa. Akamwambia asimshike shingo, maana shingo ndiyo inafanya kazi. Akamwambia asikohoe. Alipoanza kueleza njia nzuri ya kupita, akamwambia mzigo hauongei. Akavuta pumzi, akaegemea mbele, akainuka. Mwongozaji naye akainuka kutoka duniani, miguu inaning'inia, kofia imekaa upande.

Mimi nilitangulia na fimbo ya mwongozaji. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mashimo na kusema kushoto, kulia, hapa hapana. Mama mkubwa alikuja nyuma yangu kwa zile hatua fupi fupi za haraka ambazo wanawake wetu wanapandia milima, zinazofanana na kukimbia mais si kukimbia. Nilikuwa nasikia pumzi yake tu. Uwanja ule wa mawe ulitula dakika thelathini na tano.

Tulipofika mkondoni, maji yalikuwa yamesharudi. Yalikuwa ya mapaja, yana rangi nyingine, na yalikuwa yanakwenda kule tulikotoka. Kusimama kufikiri hakukuwezekana, kwa sababu mwenye mzigo akisimama mzigo unajua. Tukaingia. Nilikaa upande yanakotoka maji ili yanipige mimi kwanza. Nikaanza kuhesabu hatua. Katikati maji yalimfika mama mkubwa kiunoni, yakamfika mwongozaji kwenye makalio, na kwa muda mfupi yakamsaidia kumbeba. Nikamwona mama mkubwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mteja aliyeongezewa bila kuomba.

Kisha mguu wake wa kushoto ukazama kwenye matope. Akavuta, haukuja. Akavuta tena. Maji yalikuwa yanapanda kwenye kikwembe, naona rangi yake inabadilika kutoka chini kwenda juu. Mwongozaji alianza kusali kwa sauti ndogo, na safari hiyo mama mkubwa hakumwambia anyamaze. Niliinama, nikatia mkono mpaka bega likaingia, nikaukuta mguu wake, nikaipasua kamba ya sandali kwa kucha. Mguu ukatoka. Sandali iko huko mpaka leo. Tukaendelea. Kutoka ukingo hadi ukingo zilikuwa hatua mia moja arobaini na moja. Nilizihesabu kwa sababu kama singehesabu ningelia, na kulia kunachafua macho ya anayeonyesha njia.

Tulipokanyaga mchanga nikageuka. Pale tulipopita palikuwa na bahari, imelala sawa, kana kwamba haijawahi kuwa njia.

Nilidhani tumemaliza. Mwongozaji naye alidhani hivyo. Karibu na kaburi la mnara akaomba ashushwe pale, akae kivulini, mimi nikaite wanaume waje na machela. Aliomba kwa adabu zote za pwani, na mimi nikaona ana haki. Mishipa ya shingo ya mama mkubwa ilikuwa imesimama kama kamba za hema. Nikamwambia basi anipe mimi nimalizie.

"Weye shingo yako ni ya kontwari," akasema, bila kugeuka, akimaanisha meza ya dukani. Na kwa mwongozaji: "Miye hapana shusha muzigo katikati ya njia. Ukiushusha, ukiuinua tena unaongeza kilo."

Huo ni ukweli ambao kila mbebaji wa Kirumba anaujua, na hakuna mizani inayoweza kuuonyesha. Mzigo una kilo zake mpaka uutue. Ukiutua, unapumzika wenyewe, wewe hupumziki. Unautua mahali pake au huutui. Na damu ilikuwa bado inatoka.

Kwa hiyo tukaingia kijijini kwa njia kubwa, saa ambayo kila mtu yuko nje. Wanaume waliokuwa wanacheza bao wakaacha, mmoja bado ana kete mkononi. Mshona nguo akasimamisha cherehani. Wawili wakakimbia kuja kumpokea, mama mkubwa akawapita kama anavyopita vibarua wa stendi wanaotaka kumnyang'anya begi. Nikabaki nyuma kuwaeleza, na wao wakabaki wakinisikiliza huku wanamtazama yeye anavyokwenda, mwanamke mfupi, mguu mmoja peku, na kijana wao mgongoni.

Kofia ya mwongozaji ilikuwa imeshuka mpaka kwenye pua. Mbele kidogo nikamsikia anasema kwa sauti ya chini kabisa: "Mama, nakuomba. Huo mlango wa buluu ni kwa wakwe zangu. Harusi ni mwezi ujao."

"Basi batakuona uko muzima," mama mkubwa akamwambia.

Na wakamwona. Mlango wa buluu ulikuwa wazi, na watu watatu walikuwa wamesimama kizingitini. Nilihesabu tena nikakuta wa nne, msichana, ameshika shavu. Akatufuata.

Nyumba ya mama wa mwongozaji, aliyotuelekeza kwa kidole, ilikuwa ya tano baada ya hapo. Nje ina baraza ya mawe, kiti kirefu kilichojengwa pamoja na ukuta kama nyumba zao zote za zamani. Mama mkubwa aliigeuzia mgongo, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja magoti, na mwongozaji akakaa juu ya baraza sawasawa, kama gunia juu ya ubao wa lori. Urefu ulikuwa ule ule unaotakiwa, haukuzidi wala kupungua. Mama mkubwa akapapasa jiwe kwa kiganja. Kwa siku nzima ya magofu, nguzo na makaburi, hakuwa amesifu kitu hata kimoja. Sasa akasema hawa wazee walikuwa wanajua mizigo.

Muuguzi wa zahanati alikuja, akashona. Mishono saba. Nilihesabu mara mbili, akaniambia nimwondokee kwenye mwanga. Mfupa ulikuwa mzima. Msichana wa mlango wa buluu alishika taa ya simu muda wote, na sikuona aibu yoyote usoni mwake. Alikuwa anamtazama yule mwanaume kama mtu anayepata chenji zaidi ya alivyotegemea, anaogopa kusema.

Wanawake walituingiza uani, wakatuzunguka. Walileta chai, mikate ya kumimina, ndoo ya maji matamu kwa ajili ya miguu ya mama mkubwa. Mama wa mwongozaji alichukua kitambaa kikavu akamfuta mama mkubwa uso, polepole, kama anavyofutwa mtoto. Mkono wake ukasimama kwenye paji. Pale, kutoka upande hadi upande, kuna mfereji. Kidole kinalala ndani yake. Akauliza kwa upole kama ni ugonjwa au ni jeraha la utotoni.

Niandike ukweli hapa. Sisi wanawake wa mjini, Butembo na Beni, tunafunga vitambaa vyetu chini, karibu na nyusi. Tunasema ni mtindo. Mimi nimekifunga changu hivyo bandarini, benki, Guangzhou mbele ya Wachina ambao hawajui hata Beni iko wapi. Nilitaka kujibu haraka, niseme ni ya kuzaliwa, tubadilishe mazungumzo.

Mama mkubwa alishaweka kidole chake mwenyewe mwanzoni mwa mfereji. "Hii ni viazi ya Kirumba," akasema. Akakisogeza. "Hii ni mama yangu. Hii ni makayabu, masomo ya batoto."

Mama wa mwongozaji akauliza, na huyu wa leo?

"Huyu wako hapana acha alama. Mwepesi. Umukulishe."

Kicheko kilianzia kwa msichana wa mlango wa buluu, kikaenda mpaka kwa mwongozaji mwenyewe, ambaye mguu wake ulikuwa juu ya mto. Mwanamke mmoja akaleta dumu la maji na khanga mbili, akataka aonyeshwe mkanda unavyokaa. Mama mkubwa akamfunga, akamsukuma kiuno, akamwambia aache kutazama chini. Yule mwanamke akaenda hatua sita, akarudi ameshika shingo, analaani na kucheka. Akaja mwingine. Ilikuwa shule. Nilimtazama mama mkubwa akiwapanga wanawake wa kisiwa chenye sahani za China ukutani, akiwasahihisha mmoja mmoja, na kifua changu kikajaa kitu ambacho sijawahi kukipata kwa faida ya kontena yoyote.

Nikafungua kitambaa changu.

Mama wa mwongozaji ndiye aliyeona kwanza. Akanisogelea, akaweka kidole. "Na wewe pia," akasema. "Lakini wako mdogo."

"Huyo alitoroka," mama mkubwa akasema kutoka upande ule wa ua, bila kuacha kufunga khanga. "Akaenda masomo."

Sikukifunga tena mpaka tulipofika Kasindi, pale mpakani mwa Kongo, na Kasindi ilikuwa kwa sababu ya vumbi.